Nukta ya Kijani kwenye Simu ya Bhoke

Jumatatu, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, Bhoke Werema wa Genkuru aliinua paa la ghala lake la ulezi, akazamisha mkono hadi kwapani, akatoa kopo la maziwa ya unga. Kopo lilikuwa limefungwa vizuri kama alivyolifunga mwenyewe jana yake. Alipolifungua, ndani mlikuwa hamna kitu.

Akapiga yowe. Na Bhoke akipiga yowe, hata aliyeko bondeni huweka jembe chini. Wanawake waliokuwa wakipita na ndoo za maji walisimama palepale njiani, na majirani wakaja mbio wakidhani kuna msiba.

Karatasi mbili zilikuwa zimeibwa. Ulikuwa muhtasari wa kikao cha ukoo cha mwaka 2014, wenye alama saba za dole gumba na mhuri wa kijiji. Ulisema kwamba shamba la marehemu Werema, mume wa Bhoke, ni la nyumba ya Bhoke, na mtoto wa kiume atakayezaliwa katika nyumba hiyo ndiye mrithi. Alhamisi saa tatu asubuhi Baraza la Kata lilipaswa kuusoma, kwa sababu Simoni, mdogo wa marehemu huyo, alikuwa akidai shamba hilo ni lake.

Bhoke hakujaliwa mtoto wa kiume. Alikuwa na binti mmoja, Salome, aliyeolewa na Ezra wa Kewanja. Basi akafanya kama mila ya Wakurya inavyoruhusu: akatoa ng'ombe wanane, akamwoa msichana aitwaye Elieth ili aizalie nyumba yake mrithi. Ndoa hiyo huitwa nyumba ntobhu. Elieth alimwita Bhoke mama, naye Bhoke alimwita mkamwana, na mtoto wa kiume alikuwa amezaliwa, jina lake Marwa, sasa ana miaka mitano.

"Jana saa tisa alasiri nilihamishia karatasi humu," Bhoke alisema kwa sauti ambayo njia nzima iliisikia. "Nikamwambia mtu mmoja tu duniani. Mwizi wa nyumba hii namlisha kwa mkono wangu mwenyewe! Ni huyu Elieth. Amemuuzia Simoni!"

Elieth alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko na mwiko mkononi. Hakutazama chini kama mkamwana anavyotakiwa, alimtazama mama mkwe usoni.

"Sijaiba, mama."

"Jumamosi nitawaita watu wenu. Ng'ombe wangu watarudi, na wewe utarudi kwenu. Mtoto anabaki. Huyo ni wa nyumba yangu."

"Siendi," Elieth alisema. "Na mtoto wangu simwachi. Nipe mpaka Jumamosi hiyo hiyo, nitakuonyesha mwizi."

Watu waliguna. Wengine walimwona ana kiburi, na kusema kweli alikuwa nacho, kwa sababu mtu akisingiziwa asipokuwa na kiburi kidogo atalala na kuzikwa akiwa mzima.

Alianza na maghala. Yalikuwa matatu: la ulezi, la mahindi na la mtama. Mawili hayakuguswa, vumbi la paa lilikuwa limetulia. Katika lile la ulezi hakuna punje iliyomwagika chini. Aliyekuja hakutafuta. Alikwenda moja kwa moja, akachukua, akafunga kopo, akalirudisha. Mtu huyo alikuwa ameambiwa pa kwenda, na hilo ndilo lililomfunga Elieth kamba shingoni.

Akamfuata Bhoke ndani. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, na simu yake ilikuwa juu ya kigoda kingine, imelazwa kifudifudi. Hiyo ilikuwa desturi ya boma lile tangu enzi za Werema: maneno mazito yakianza, fimbo huachwa mlangoni, na simu hulazwa kifudifudi. Simu inayokodoa macho juu wakati wakubwa wanaongea ni dharau. Bhoke aliishika desturi hiyo kuliko mtu yeyote.

"Mama, jana uliponiambia, nani alikuwepo?"

"Wewe, mimi na moto."

"Hakuna aliyepita nje?"

"Mbwa tu. Usinihoji kama polisi."

"Nani alikupigia simu jana?"

"Ezra, kuniamkia, kama kila Jumapili. Aliniuliza niko na nani, nikamwambia niko na mkamwana. Huyo ndiye mtoto, anajua kusalimia watu! Hata hivi juzi alikutetea kwangu, akasema nisikukaripie sana."

"Na baada ya kunieleza, tulikwenda jumuiya saa kumi, tukarudi saa kumi na mbili na robo. Nyumba ilikuwa tupu zaidi ya saa mbili."

"Ndiyo. Ukamtuma mtu wako."

Elieth aliona heri amwite mtendaji wa kijiji, na kwa kuwa simu yake haikuwa na salio, aliinyanyua ya mama kutoka kwenye kigoda. Kioo kikawaka. Juu kabisa, pembe ya kulia, kulikuwa na nukta ndogo ya kijani.

Kabla hajaolewa, Elieth alifanya kazi miezi saba katika duka la simu kule Sirari. Mwenye duka alikuwa Mkenya mmoja mwenye domo, na kila mteja alipewa somo lake: "Hiyo doti ya kijani ikiwaka, maiki ama kamera inatumika. Kama hupigi simu na hupigi picha, jua kuna mtu anakuskiza, na si mimi."

Bhoke hakuwa akipiga simu. Wala hakuna kamera iliyofunguliwa.

"Mama, hii nukta ni ya nini?"

"Hako? Kako hapo siku nyingi, kanakuja na kuondoka. Ni ka chaji. Lakini simu yenyewe imezeeka haraka, bando la wiki linaisha siku mbili na sijatazama kitu."

Elieth aliweka kidole mdomoni. Bhoke akafungua kinywa kumgombeza, akayaona macho ya mkamwana, akanyamaza. Elieth alivuta kioo kutoka juu kwenda chini, akaigusa ile nukta. Maneno yakatokea: Tochi inatumia maikrofoni.

Akaingia kwenye mipangilio, akafungua dashibodi ya faragha, mahali ambapo simu huandika yenyewe ni programu gani imetumia maikrofoni au kamera, na saa ngapi. Ya leo ilikuwa imeanza 06:52, dakika chache baada ya lile yowe, na bado ilikuwa inaendelea. Ya jana, Jumapili, ilianza 15:04 ikaisha 15:31. Kwa saa zetu, ni saa tisa na dakika nne mpaka saa tisa na dakika thelathini na moja alasiri. Ni muda uleule Bhoke alipomnong'oneza habari za ghala la ulezi. Elieth alipiga picha ya kioo hicho, akaituma kwa Bluetooth kwenye simu yake, kisha akairudisha simu kigodani, kifudifudi vilevile. Akamshika mama mkono, akamtoa nje mpaka zizini, katikati ya ng'ombe.

"Mama, simu yako imekuwa ikitusikiliza. Kuna programu inaitwa Tochi. Tochi inahitaji masikio ya nini?"

"Simu haina mdomo," Bhoke alisema.

"Inao. Inapeleka sauti kwa mtu, ndiyo maana bando linaisha. Na wewe unailaza kifudifudi, nukta inawaka upande wa chini na hakuna anayeiona."

"Wewe ndiwe uliyekaa Sirari kwenye maduka ya simu. Nitajuaje si wewe uliyeiweka?"

Swali hilo lilimuuma Elieth, lakini lilikuwa swali la haki. "Hujui," alisema. "Ndiyo maana sitaifuta. Niambie nani wameishika simu hii."

Walikuwa watatu. Ezra aliinunua akamletea Januari, zawadi ya mwaka mpya. Method, fundi wa Nyamongo, alibadilisha kioo chake mwezi wa tano. Na Simoni aliiazima msibani mwezi wa saba, ya kwake ilipozima, akakaa nayo nusu saa.

"Ni Simoni," Bhoke alisema. "Nusu saa anampigia nani? Ni Simoni huyo!"

Hata Elieth aliamini hivyo, mpaka saa sita na nusu mchana Simoni alipofika mwenyewe langoni, amevaa koti, fimbo kwapani.

"Shikamoo, baba mdogo," Elieth alimsalimia.

"Marahaba. Mwambie shemeji nimekuja kwa amani. Mambo ya baraza yanatia aibu ukoo. Tugawane shamba, nusu kwake, nusu kwangu, tusifike Alhamisi."

"Kwa nini leo, baba?"

"Kwa sababu mnayo ile karatasi, na mimi si mtoto. Dole gumba langu limo."

Bhoke alimfukuza kwa maneno ambayo sitayaandika hapa. Lakini Elieth alibaki langoni akifikiri. Mwenye karatasi tayari mfukoni asingekuja kuomba nusu, angengoja Alhamisi achukue shamba zima. Simoni alikuwa bado anaiogopa karatasi ambayo haikuwepo tena. Adui wao mkubwa ndiye alikuwa hana habari.

Saa tisa na robo Elieth alishuka kwenye pikipiki mbele ya kibanda cha Method, Nyamongo. Method alikuwa kijana mwenye miwani ya kukuzia vitu, na hakupenda maswali.

"Dada, mimi nabadilisha vioo. Sifungui siri za watu."

"Wewe uliweka Tochi kwenye simu ya Mama Bhoke?"

"Simu ile ina tochi yake toka kiwandani, niweke ya pili ya nini? Niliikuta. Tena haikupakuliwa sokoni kama programu nyingine. Mtu aliiingiza kwa mkono, akairuhusu maikrofoni kwa mkono vilevile."

"Ukaona, ukanyamaza?"

"Nilijua ni yake mwenyewe. Watu wanaweka mambo mengi kwenye simu zao, nikianza kuuliza nitafunga kibanda." Akaivua miwani. "Lakini sasa hata mimi nikikuongopea, utajuaje?"

Elieth alikubali kwamba asingejua. Alipanda pikipiki na watu wawili kichwani badala ya watatu, na siku tatu mkononi kabla ya baraza.

Jumanne saa mbili asubuhi alikuwa ofisini kwa mtendaji wa kijiji. Mtendaji huyo aliitwa Kokushubira, mama mtulivu aliyehamishwa kutoka Bukoba, na kijijini walisema hakuna jambo linalomshtua. Aliitazama picha ya kioo mara mbili.

"Nukta inaonyesha maikrofoni imetumika," alisema. "Haionyeshi nani anasikiliza upande wa pili. Ukienda na hii barazani watakucheka."

"Ndiyo maana nataka mtu mwenyewe aje kwa miguu yake, mtendaji. Ninachoomba ni uwe shahidi. Na umlete Baba Simoni."

"Simoni? Anayewashitaki?"

"Huyo huyo. Nikileta rafiki zangu watasema nimewapanga. Adui yangu akiona kwa macho yake, nani atabisha?"

Kokushubira alitabasamu kidogo.

"Na hii simu yangu," Elieth aliendelea, "ichukue. Ifungie kabatini mpaka kesho jioni. Sitamgusia mtu neno, na nyumbani nitakaa na mama hatua kwa hatua, ili asije mtu akasema mimi ndiye niliyemwita."

Jumatano saa nane na dakika hamsini na tano mchana, Elieth na Bhoke, aliyekuwa amekubali kuujaribu mtego wake, wakiwa wanangoja nukta iwake, simu ya Bhoke iliita. Ilikuwa salamu kutoka kwa Ezra: hali yako mama, umekula, uko na nani? Bhoke alijibu kwamba yuko na huyo mkamwana wake mpaka Jumamosi. Akaikata simu, akailaza kifudifudi. Elieth alichuchumaa, akachungulia chini ya ukingo wake. Baada ya dakika tano nukta iliwaka. Akamwashiria mama kwa kichwa.

"Mama," alisema kwa sauti ya kuomba, "usinifukuze. Nimepata nakala. Mzee Tomaso aliyeandika muhtasari ule, aliyehamia Nyambureti, alibaki na nakala yenye mhuri. Ameniletea leo asubuhi."

"Iko wapi?" Bhoke aliuliza, na hakuhitaji kuigiza ukali, anao wa kuzaliwa.

"Kwenye zizi la ndama, chini ya jiwe la chumvi. Nyumbani hapafai."

"Iache huko huko. Saa kumi tunakwenda jumuiya, tutaitazama jioni."

Saa kumi kamili walitoka, wakapita njia kubwa watu wakiwaona, wakageukia kwenye mahindi, wakarudi kwa nyuma mpaka jikoni. Humo walimkuta Kokushubira, mgambo Felix, na Simoni, ambaye alikuwa anakohoa moshi na kulalamika kwamba maishani mwake hajawahi kufichwa jikoni na wanawake.

"Vumilia, shemeji," Bhoke alimnong'oneza. "Ukikohoa tena nakufunika na sufuria."

Saa kumi na dakika ishirini na saba pikipiki ilizimwa nje ya boma. Mtu akaingia bila kubisha hodi. Hakutazama nyumba wala ghala. Alikwenda moja kwa moja zizini kwa ndama, akainama, akasukuma jiwe la chumvi, akatoa bahasha na kuifungua. Ndani mlikuwa na karatasi moja yenye mwandiko wa Elieth: Nukta ya kijani inakusalimu.

Aliyeinua kichwa alikuwa Ezra.

Bhoke ndiye aliyetoka wa kwanza. Elieth alikuwa ameona hasira za mama huyu kwa miaka sita, lakini hakuwahi kuuona uso ule. "Ezra," alisema. "Wewe, mwanangu?"

"Mama! Nilikuja kuwaangalia, nikaona..."

"Uliona nini chini ya jiwe?" Elieth alimkatiza. "Nani alikwambia uliinue?"

Ezra aliwatazama watu watano waliomzunguka, akaamua kumtupa mmoja. "Ni huyu! Elieth ndiye aliyenipigia. Ndiye aliyeniambia hata habari za ghala. Mama, amekuwa akitugombanisha!"

Kwa sekunde moja Bhoke aligeuka kumtazama mkamwana wake, na Elieth hakuisahau sekunde hiyo. Lakini hakuwa na haja ya kupaza sauti.

"Mtendaji, simu yangu iko wapi?"

"Kabatini kwangu, tangu jana saa mbili asubuhi," Kokushubira alisema. "Na ufunguo ninao hapa."

"Mama, tangu jana nimekwenda wapi bila wewe?"

"Hata chooni nilikungoja nje," Bhoke alisema taratibu.

"Basi jiwe hili nililitaja mara moja tu, leo, saa tisa na dakika chache. Waliosikia ni mama na simu yake." Elieth alimgeukia Ezra. "Tumefungua orodha ya simu zilizoingia. Jumapili ulipiga 14:58, ukaambiwa mama yuko na mimi. Tochi ikaanza kusikiliza 15:04. Leo umepiga 14:55, nukta ikawaka baada ya dakika tano. Salamu zako, shemeji, zilikuwa za kuuliza kama kuna cha kusikiliza. Kama naongopa, mpe mtendaji simu yako."

Ezra alirudi nyuma hatua moja. Nyuma alikuwepo Felix. Simoni, ambaye hakuna mtu aliyemwomba msaada, aliipokonya simu mfukoni mwa Ezra, akampa Kokushubira, na Ezra akaamriwa aifungue. Sauti zilikuwemo, arobaini na moja, kila moja na tarehe yake. Kokushubira alibonyeza ya mwisho. Sauti ya Bhoke ikasikika zizini: "Iko wapi?"

Ezra alikaa chini penye samadi.

"Kwa nini?" Bhoke aliuliza. "Nilikunyima nini?"

"Mama, Salome ni mtoto wako wa damu," Ezra alisema, na sasa hakuwa mpole tena. "Huyu umemnunua kwa ng'ombe, na mwanawe ndiye anarithi kila kitu! Ningeichoma karatasi? Sikuichoma, ipo kwangu Kewanja. Ungemfukuza Elieth leo au kesho, mimi ningejifanya nimeipata karatasi mahali alipoificha, tungemshinda Simoni barazani, na nyumba ingebaki na nani? Na binti yako. Na mimi ningekutunza."

"Kumbe na mimi nilikuwa kwenye sufuria yako, mura, kijana wewe!" Simoni alipaza sauti, amekasirika kuliko wote.

"Mtoto wangu angebaki humu bila mama," Elieth alisema, "na wewe ndiye ungekuwa mlezi wake. Ulilifikiria hilo pia?"

Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi Felix alirudi kutoka Kewanja na kurasa mbili mkononi, dole gumba saba na mhuri, na Kokushubira akaondoka na Ezra kuelekea kituo cha polisi. Simoni alibaki kidogo akizungusha fimbo yake. Alisema Alhamisi atakwenda barazani kuwaambia alichokiona, kisha akaenda zake bila kuaga.

Bhoke alijifuta macho kwa ncha ya kanga. "Haya, mkamwana. Tuingie ndani tupike, mtoto hajala."

Elieth hakusogea.

"Mama, Jumatatu ulinisema pale njiani. Wenye ndoo walisikia. Kuanzia siku hiyo nikienda kisimani wananipisha kama mwenye ukoma. Neno hilo kalifute pale pale."

"Mama mkwe hamwombi mkamwana radhi. Lini umeona?"

"Sijaona. Basi waite watu wetu Jumamosi, ng'ombe wako warudi. Nitaondoka na mwanangu mchana kweupe, na atakayenizuia anizuie. Lakini sitalala tena ndani ya nyumba inayoniita mwizi."

Walitazamana. Bhoke alikuwa mwanamke aliyekataa kurithiwa na shemeji, aliyetoa ng'ombe wake mwenyewe akaoa, aliyegombana na ukoo mzima kwa miaka kumi, na sasa alikuwa amekutana na mwenzake. Alichukua fimbo yake mlangoni, akatoka. Ilikuwa saa wanawake wanarudi kisimani, na njia ilikuwa imejaa.

"Watu wa Genkuru!" alisema, akasafisha koo. "Nilisema mkamwana wangu ni mwizi. Nilimsingizia. Mwizi ni mkwe wangu Ezra, na aliyemkamata ni Elieth huyu. Nimekosa mimi, Bhoke."

Ndoo zote zilisimama. Hakuna aliyeguna.

Elieth alikuwa ameegemea lango, mikono kifuani. "Ongeza sauti, mama," alisema. "Kule bondeni kwa kina Kisyeri hawajasikia."

Bhoke akavuta pumzi, akarudia tangu mwanzo.